Simba kwa Herufi Kubwa

Kiwandani, kisumu
6 Februari 1989

Kwa bwana walter mwakio,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kisumu, sisi tuliobaki kazini wakati wewe unasoma kozi nairobi. Mimi ni mzima. Nyavu nazo ni nzima, na zile zilizotoboka naziziba, na hakuna anayeziba kama mimi. Hata msimamizi anasema hivyo, ingawa husema mimi nikiwa sipo.

Uliniambia nikuandikie ukweli mtupu juu ya goti la zadock, ili mkataba wake ukiisha mwezi wa tatu umwambie mkurugenzi kama asainiwe tena kwenye timu yetu ya kikapu au aende zake. Kazi hiyo nimeipokea kwa moyo mweupe. Ukweli wenyewe ni kwamba goti limevimba kama andazi. Ameenda kwao luanda kotieno kupumzika, na ameondoka kama mfalme. Wasichana wa kufunga nyavu walimpa mikate, mlinzi akambebea begi, mama wa kantini akalia. Mimi nilipotegua kifundo mwaka jana, mama wa kantini aliniuliza kama nitamaliza ugali wangu au ampe mwingine.

Hebu kumbuka, bwana. Aliumia goti la kushoto, halafu hilo hilo tena, halafu kidole, halafu mgongo, halafu tukarudi kwa goti. Msimu mzima alikaa kwenye benchi na suti mpya ya michezo, na watu wakalipigia benchi makofi. Wewe umewahi kuona benchi likipigiwa makofi? Kazini naye amewekwa stoo kwenye kiti chenye mto, eti asichoke. Sisi wengine tunasimama na nyavu za kuvulia mbuta kutwa, na jioni tunakimbia uwanjani na miguu hiyo hiyo.

Jumamosi nilicheza mahali pake. Tulishinda. Niliruka mpaka viatu vikaona ringi. Nilikosa mpira mmoja tu, na yule kinyozi wa soko la kibuye anayekaa mbele akasema kwa sauti kwamba zadock angefunga ule. Zadock yuko luanda kotieno na mguu juu ya kigoda, lakini amefunga.

Mimi simwonei mtu wivu. Nakupa habari tu.

Wako mtiifu,
absalom oduor
(yule mrefu wa kuziba nyavu, si yule mwingine)


Nairobi
14 Februari 1989

Ndugu Absalom,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya habari na mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Jina la mtu na jina la mahali huanza na herufi kubwa. Kisumu. Zadock. Mwakio. Hata lako pia, usijidharau. Sitapokea tena barua iliyoandika jina langu kama jina la kitoweo.

Sasa goti. Mto wa kiti na machozi ya mama wa kantini havinisaidii mbele ya mkurugenzi. Kuruka, kila mtu anaruka. Ninachotaka kujua ni anashukaje. Mwenye goti zima hushuka kwa miguu yote miwili bila kufikiri. Aliyeharibika huanza kufikiri akiwa bado hewani. Mwandikie, na ukiweza nenda ukamwone.

La pili libaki kati yetu. Timu ya Simba ya Nakuru inamtaka. Walimtuma mtu mwaka jana, na nasikia wametuma tena. Mkurugenzi amesema waziwazi kwamba akisikia kijana anazungumza na Simba huku kiwanda chetu ndicho kilichompeleka akafanyiwe upasuaji, hatamsaini hata kama goti ni la chuma.

Na uache kuniambia huna wivu. Unao, na ndiyo sababu nimekuchagua. Wengine wote wanampenda, na anayempenda mtu haangalii anavyotembea. Wewe humwondolei macho.

W. Mwakio
Meneja wa timu


Luanda Kotieno
22 Februari 1989

Omera, ndugu yangu Absalom,

Usishangae nakuandikia Kiswahili, sijawa mtu wa pwani. Barua zote hapa zinapita dukani kwa Mama Perez, naye huzisoma kabla ya mwenyewe. Dholuo anakisoma kama maji. Kiswahili kinamshinda, anaishia kwenye salamu.

Goti linaendelea. Mama analikanda kwa maji ya moto na kulisemesha kama mtoto mkaidi. Shida yangu ilikuwa mahali pa kulala. Simba yangu, ile pale karibu na lango la baba, ilikuwa imelala upande mmoja, mchwa wamekula nguzo. Nikawa nalala kwa jirani kama mgeni, maana wewe unajua, mtu mwenye ndevu zake hawezi kulala nyumbani kwa mama yake, hata awe na goti gani. Sasa tumeisimamisha upya, nyasi mpya, mlango wa mabati, na wiki hii nimehamia. Nyuma yake nimefunga rimu ya baiskeli kwenye mkaratusi. Jioni vijana wanaotoka kwenye feri wanapita kucheza. Rimu haina wavu. Wewe mfalme wa nyavu, niletee kipande, hata kile kilichokataliwa.

Kumwandikia Bwana Mwakio naona haya, Kiswahili chake kimevaa tai. Mwandikie wewe. Mwambie tu nimeshaingia simba, naendelea vizuri, asiwe na wasiwasi juu yangu.

Nasikia unacheza mahali pangu. Cheza, lakini usifunge sana, nisije nikarudi nikakuta wamenisahau.

Wako,
Zadock


Kisumu
1 Machi 1989

Kwa Bwana Walter Mwakio wa Voi, aliyeko Nairobi,

Umeziona herufi kubwa? Sasa nazinyunyiza kama chumvi. Kisumu. Kibuye. Otonglo. Otonglo sina shughuli nako, nimependa tu kuliandika jina lake.

Zadock ameniandikia. Anasema goti linaendelea, hakusema linaendelea kwenda wapi. Kushuka kwake sijakuona bado. Anatania kwamba nisifunge sana watu wasije wakamsahau. Ni utani wa mtu ambaye hajawahi kusahauliwa.

Ameniomba nikufikishie maneno, nami nayafikisha bila kuongeza wala kupunguza: Mwambie nimeshaingia Simba, naendelea vizuri, asiwe na wasiwasi juu yangu.

Ndivyo alivyosema. Mimi ni mfereji, maji si yangu.

Wako mtiifu,
Absalom Oduor


Nairobi
8 Machi 1989

Absalom,

Kwa hiyo ameingia Simba, na ananituliza moyo nisiwe na wasiwasi. Mimi ni mtu wa Voi. Kwetu simba akichukua mbuzi huondoka kimya, hatumi salamu.

Nimempigia simu mkurugenzi. Amesema basi. Mkataba ukiisha mwisho wa mwezi, jina lake linafutwa kwenye timu na kwenye kazi. Barua rasmi ya kumwarifu itatoka tarehe thelathini na moja. Jezi yake namba saba chukua wewe.

Nakuuliza mara moja tu, kwa sababu sipendi kumhukumu mtu kwa mdomo wa mwingine. Una hakika na ulichoandika?

W. Mwakio


Kisumu
13 Machi 1989

Kwa Bwana Mwakio,

Neno nililoandika ndilo neno aliloandika yeye. Barua yake ninayo, naweza kuiapia kanisani mbele ya pasta na kwaya nzima. Ukiniuliza kama nina hakika na neno, ninayo.

Jezi imenikaa. Imepwaya kidogo mabegani, lakini mimi bado nakua. Jana niliivaa mpaka Kibuye. Mama mmoja wa nyanya aliiona ile saba mgongoni akaniita, akaniongezea nyanya mbili, halafu akauliza goti linaendeleaje. Nikamwambia linaendelea.

Jumamosi hii Simba wanakuja kucheza nasi hapa. Watanijua.

Wako mtiifu,
Absalom Oduor


Kisumu
20 Machi 1989

Bwana Mwakio,

Kaa chini kwanza. Kama umekaa, shika meza.

Habari ya Zadock kuhamia Simba ilitoka ofisini na kufika Kibuye kabla ya chakula cha mchana. Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta wa stoo. Nikadhani wamekuja kuniona na jezi yangu. Walikuwa wamekuja kumzomea Zadock. Wana filimbi, wana masufuria, kinyozi ana kengele ya baiskeli. Bwana, tangu nizaliwe sijawahi kushangiliwa na watu wengi kama wale waliokuja kumzomea yeye.

Basi la Simba likafika. Wakashuka mmoja mmoja, dereva akafunga mlango. Zadock hayumo. Nikasema moyoni, haya, sasa watamchoka. Kinyozi akapanda juu ya benchi letu, akatangaza, "Amekataa kucheza dhidi yetu. Huyo ndiye mtoto wa Kisumu." Mama wa kantini akatoa leso. Mchezo mzima wakaimba jina lake. Nikifunga, wanaimba Zadock. Nikikosa, wanaimba Zadock kwa huzuni. Tulifungwa. Nahodha wa Simba akanishika mkono akaniuliza huyo Zadock wenu yuko wapi, sisi tumekuja tukitaka kumwona.

Jana baada ya kanisa nilichukua kipande cha wavu nikaenda Luanda Kotieno. Nilimkuta juu ya paa la simba yake, anashindilia nyasi.

Hapo sasa, soma polepole. Nimeandika kwa herufi ndogo. Simba kwetu ni nyumba ya kijana ambaye hajaoa, hujengwa ndani ya boma karibu na lango la baba yake. Haina manyoya, haina kocha, na haiko Nakuru. Zadock ameingia humo. Nililijua hilo tangu siku ile nilipofungua barua yake. Yeye aliandika kwa herufi ndogo. Ile kubwa ni yangu. Kalamu ikiwa mkononi nilijiambia ni wewe uliyesema majina ya mahali yaanze na herufi kubwa, na nyumba ya mtu si mahali? Lakini nilijua utasoma nini. Ukaniuliza kama nina hakika, nikakujibu kama wakili. Hiyo ndiyo ya kwanza.

Ya pili ni goti. Nilimwona kabla hajaniona. Alishuka ngazi kinyumenyume, anatanguliza mguu wa kulia halafu anauvuta wa kushoto, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Aliponiona, akaanza kutembea vizuri.

Tulifunga ule wavu, tukacheza. Bwana, anaruka. Anaruka kama zamani, unabaki chini unaangalia soli za viatu vyake. Halafu anashuka kwa mguu wa kulia peke yake, kila mara, na kila mara analigeuzia ziwa uso wake ili usiuone. Alinifunga, nikamfunga, akanifunga tena. Kisha akakaa juu ya jiwe akasema jua limemchosha. Mawingu yalikuwa yamefunika mpaka ng'ambo ya Mbita.

Nikamwambia, "Goti bado."

Akachezea mpira mikononi. "Likisemwa ofisini, omera, mimi kesho ni mvuvi, na hata mtumbwi sina." Kisha akaniuliza, "Ulimwambia bosi nimeingia simba?"

"Nilimwambia."

"Afadhali. Akijua nimetulia nyumbani, naye atatulia."

Akanishukuru, bwana. Akaenda kwa mama yake kuniletea samaki. Nilikula samaki wa mtu yule na mfupa haukuninasa kooni, nikashangaa.

Sasa unayo yote mawili. Hakwenda kwa Simba. Na goti halijapona, sidhani litapona lote. Mwezi wa pili ningekwambia mwache. Leo nakwambia msaini, na usifikiri nimeokoka. Tangu aondoke hapa, mtu yule hajakosa mpira hata mmoja. Kila ninapokosa mimi, yeye anafunga. Ukimfukuza atafunga mpaka mimi nizeeke. Nitaoa, na kwenye harusi yangu kinyozi atasema Zadock angeoa mzuri zaidi. Mrudishe. Apewe mpira mbele ya macho yao, aruke, ashuke na goti lake, akose kama sisi wengine. Nataka kumshinda akiwa amesimama hapa. Huko aliko simwezi.

Jezi nimeifua nikaikunja. Iko stoo, juu ya kile kiti chenye mto. Kiti sikukikalia. Nilikikalia kidogo.

Wako,
absalom oduor
(herufi ndogo nimeziweka kwa makusudi, leo zinanitosha)


Nairobi
28 Machi 1989

Ndugu Absalom,

Barua ya kumfukuza nimeichana. Nilimpigia mkurugenzi nikamweleza maana ya simba. Alicheka sana, halafu akaacha kucheka akauliza nani aliyeweka herufi kubwa. Nikamjibu kwamba ni meneja wake wa timu, anayeishi Kisumu tangu mwaka jana na kusahihisha herufi za watu bila kuuliza maneno yao. Nusu ya hilo ni kweli. Nusu nyingine ni yako, na utailipa kwa kufagia uwanja mpaka nitakaporudi.

Zadock anasainiwa kwa mwaka mmoja. Goti nimelitaja kwa mkurugenzi kama ulivyoliona. Kwa hiyo ataanza kila mchezo kwenye benchi na kuingia mwishoni tu, na jioni atawafundisha vijana wadogo. Akiumia tena, kazi ya stoo inabaki yake. Hilo nimelipigania. Dakika nyingine zote ni zako, kwa namba yako ya kumi na nne.

Sababu yako ya kumtaka ndiyo mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Lakini kati ya wote niliowauliza, ni wewe tu uliyeniambia anashukaje.

Yeye mwenyewe, umwambie wewe.

W. Mwakio


Kisumu
3 Aprili 1989

Omera Zadock,

Rudi, karatasi yako iko mezani, umesainiwa. Lakini kabla hujafika ofisini ukasikia kwa wengine, sikia kwangu. Simba yako ndogo niliiandika kubwa. Bosi akadhani umejiunga na wale wa Nakuru, na ulikuwa umebakiza siku chache ufutwe. Nilijua. Nikavaa jezi yako huku najua. Siku ile uliponipa samaki, nilikuwa najua.

Goti pia nimelisema. Wewe ulilificha, mimi nikalisema. Utaingia dakika za mwisho tu.

Ukitaka kunipiga, nipige teke. Naomba iwe kwa mguu wa kushoto.

Absalom


Luanda Kotieno
10 Aprili 1989

Absalom,

Nimesoma. Mama Perez naye amesoma. Alipoona Kiswahili kimekuwa kirefu alimwita mwalimu wa shule amfasirie, na sasa kuanzia feri mpaka kanisani wananiuliza Nakuru kulikuwaje.

Siku mbili nilikasirika sana. Ya goti ndiyo iliyoniuma zaidi ya ile ya simba. Mama akasema kama kuna mtu mwingine duniani anayeliwaza goti langu hivyo, basi nimpelekee salamu.

Nakuja Jumatatu. Teke nimekuwekea, nangoja goti lipone.

Zadock


Kisumu
8 Mei 1989

Kwa Bwana Walter Mwakio,

Kwa kuwa kozi yako imeongezwa, nakupa habari ya Jumamosi, mchezo wa kwanza wa Zadock tangu arudi. Uwanja nilikuwa nimeufagia mimi, ungeweza kula chakula chini.

Nilicheza tangu mwanzo, nilicheza kama moto, waulize wengine. Zikibaki dakika chache akaingia. Waliosimama walipiga makofi, waliokaa wakasimama. Nikangoja. Bwana, nimengoja siku hiyo tangu mwaka jana.

Akapata mpira, akaruka, ukagonga ringi ukatoka nje. Nikamtazama kinyozi. Akapata wa pili, peke yake kabisa, hakuna anayemkaba. Haukugusa hata wavu. Amekosa, bwana, mbele ya Kibuye nzima amekosa. Moyo wangu uliruka na kushuka kwa miguu yote miwili.

Kinyozi akasimama. Akashika kichwa. Akasema, "Pole sana, mwanangu. Ni goti." Na uwanja mzima ukaitikia pole, pole, kama watu wa kilioni. Mama wa kantini sitakueleza, unamjua.

Katikati ya pole hizo nilinyakua mpira, nikaupeleka mpaka upande wa pili, nikafunga, na hapo hapo filimbi ya mwisho ikalia. Tumeshinda kwa kapu hilo. Hakuna aliyeliona. Walikuwa wanaangalia goti. Aliyeniona ni Zadock peke yake. Alikuja akichechemea akanipiga teke dogo makalioni, kwa mguu wa kushoto, akasema lile la deni bado, hili ni la hongera.

Kwa hiyo nimefikiri sana nikifagia. Mimi nikikosa, ni mimi. Yeye akikosa, ni goti. Hapa hakuna haki. Naomba, bwana, kwa heshima zote na kwa herufi kubwa, utakaporudi uniletee na mimi Goti langu. Hata dogo.

Wako mtiifu,
Absalom Oduor
(yule mrefu aliyefunga, si yule mwingine)